Uzito unakwenda wapi? Mwongozo kamili wa kuzuru kazi kubwa za ujenzi za Ufaransa kwa siku nane

Watu wengi waliofika Paris wana picha za mnara wa Eiffel za kujaza simu, lakini ukiwauliza mnara ule umesimamaje, hawana la kusema. Hawana kosa, maana hakuna aliyewaelekeza watazame nini. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzielewa kazi hizi akiwa amesimama mbele yake: fundi ujenzi, mwanafunzi wa uhandisi, mwalimu, au yeyote ambaye kila akiona daraja hujiuliza limekaaje pale juu.

Beba swali moja tu: uzito unakwenda wapi? Kila jengo lina mzigo, na mzigo lazima ufike ardhini. Njia ambayo mzigo hupita kushuka ndiyo inayolipatia jengo umbo lake. Uliza hivyo mbele ya kila ukuta na kila nguzo, na utaanza kuona mambo ambayo hayamo katika kadi za posta.

Njia yenyewe ni hii: Paris, Beauvais, Nîmes, Pont du Gard, Béziers, Millau, Garabit, kisha kurudi Paris. Siku nane zinatosha bila kukimbizana. Ukiwa na nne tu, shika Paris na Pont du Gard, uache mengine kwa safari nyingine.

Hatua ya 1: Jiandae kabla ya kukata tiketi

Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Usisubiri siku za mwisho, kwa sababu kupata miadi kwenyewe huchukua muda. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na utadaiwa bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Katika ratiba yako andika miji yote na mahali pa kulala kila usiku, hata vile vijiji vya milimani. Ratiba iliyonyooka hupunguza maswali.

Nenda Mei, Juni au Septemba. Julai na Agosti kusini kunachoma, na foleni za Paris zitakula saa zako.

Kwa Millau na Garabit utahitaji gari, hivyo beba leseni ya kimataifa pamoja na leseni yako ya kawaida. Ufaransa huendesha upande wa kulia. Anayetoka Bujumbura, Kigali au Bukavu hatasumbuka; anayetoka Mombasa, Kampala au Dar es Salaam asichukue gari kwa mara ya kwanza katikati ya Paris. Ndiyo maana katika njia hii gari linachukuliwa Béziers, mji mdogo wenye barabara zinazovumilika. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, kwa hiyo kama umezoea otomatiki, sema mapema.

Weka darubini ndogo kwenye begi. Mengi utakayotaka kuyaona yako juu sana.

Hatua ya 2: Mnara wa Eiffel, ukianzia chini

Nunua tiketi kwenye tovuti rasmi ya mnara, wiki kadhaa mapema, na uchague ngazi badala ya lifti kama magoti yanaruhusu. Ni vidato 674 hadi ghorofa ya pili, na unapanda katikati ya chuma chenyewe. Aliyepanda lifti ameona Paris. Aliyepanda ngazi ameuona mnara.

Lakini usipande kwanza. Zunguka miguu yote minne. Imeelekezwa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na ile miwili iliyo karibu na mto Seine ndiyo iliyowapa mafundi taabu. Ardhi ya huko ilikuwa na maji, na msingi ulitakiwa kushuka chini ya usawa wa mto. Walishusha masanduku makubwa ya chuma yasiyo na kitako, wakayajaza hewa yenye mgandamizo ili maji yasiingie, na vibarua wakachimba humo ndani.

Kazi ilianza tarehe 28 Januari 1887 na mnara ukakamilika tarehe 31 Machi 1889, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka huo. Wazo la kwanza lilitoka kwa wahandisi wawili wa kampuni ya Gustave Eiffel, Maurice Koechlin na Émile Nouguier. Msanifu Stephen Sauvestre akalipamba. Hapa kuna jambo la kutazama kwa makini. Yale matao makubwa yanayopendeza chini ya ghorofa ya kwanza ni mapambo ya Sauvestre kwa sehemu kubwa. Uzito hauyategemei. Fuata kingo za nje za miguu kwa macho, kutoka juu hadi chini: hiyo ndiyo njia ya mzigo, na mpindo wake ulitokana na hesabu za upepo. Mnara mrefu namna hii unasumbuliwa zaidi na upepo kuliko uzito wake, ndiyo maana umetanua miguu chini na kujaa matundu juu, upepo upite.

Sasa sogea karibu na mguu mmoja utazame vichwa vya ribiti, yaani pini nene za chuma zinazofunga kipande kwa kipande. Ziko milioni 2.5, zimeunganisha vipande 18,038 vya chuma cha kufuliwa, uzito wa chuma chote ukiwa tani 7,300 hivi. Kila ribiti iliyopigwa pale uwanjani ilihitaji watu wanne: mmoja aliipasha moto hadi ikawa nyekundu, wa pili akaishikilia tunduni, wa tatu akaunda kichwa, wa nne akapiga nyundo. Ikipoa inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakobana vipande viwili visiachane. Vipande vyenyewe vilitengenezwa kiwandani Levallois-Perret, nje kidogo ya Paris, matundu yakiwa yameshapangwa kwenye michoro kwa sehemu za kumi za milimita. Kipande kisichoingia kilirudishwa kiwandani.

Ukifika ghorofa ya kwanza, kumbuka kwamba hapo ndipo kazi yote ingeweza kuharibika. Miguu minne ilijengwa ikiwa imeinama, kila mmoja peke yake, na ilitakiwa ikutane kwenye mihimili ya mlalo karibu mita 57 kutoka ardhini. Kosa dogo chini lingekuwa pengo kubwa juu. Eiffel aliweka masanduku ya mchanga na jeki za maji. Ukitaka sehemu ishuke, unafungua tundu la sanduku na mchanga unamwagika taratibu. Ukitaka ipande, unasukuma jeki. Desemba 1887 miguu ikaunganishwa, matundu kwa matundu. Mimi naliona hili kuwa tendo kubwa kuliko urefu wenyewe, ambao sasa ni mita 330 pamoja na antena.

Kwenye ukingo wa ghorofa hiyo kumeandikwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi, na unaweza kuyasoma kwa darubini ukiwa chini. Jina la mwanahisabati Sophie Germain halikuwekwa, na kazi yake juu ya unyumbufu wa vitu vigumu ni ya fani hiyohiyo iliyowezesha mahesabu ya namna hii. Dhuluma hiyo inauma kila ukiisoma ile orodha.

Hatua ya 3: Notre-Dame, ukizunguka nyuma

Kuingia kanisani ni bure. Unaweza kuweka nafasi mtandaoni bila malipo, au ukapanga foleni. Yeyote anayekuuzia tiketi ya kuingia kanisani humo ni tapeli.

Kabla ya kuingia, vuka mto uende upande wa Pont de la Tournelle, ulitazame kanisa kwa nyuma. Utaona matao membamba ya mawe yametoka ukutani na kutua kwenye nguzo nzito za nje. Ndani, paa la mawe limejengwa kwa matao yaliyochongoka, na tao halisukumi chini tu. Linasukuma pia kuelekea pembeni, likitaka kuutanua ukuta. Matao ya nje yanaupokea msukumo huo na kuupeleka kwenye nguzo, kama gogo linaloegemezwa kwenye ukuta wa nyumba unaotaka kuanguka. Kwa kuwa ukuta umepunguziwa kazi, mafundi wa karne za 12 na 13 waliweza kuutoboa na kuweka madirisha makubwa. Mwanga ulioko ndani umelipiwa na mawe yaliyoko nje.

Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 uliteketeza paa la mbao za mwaloni na kuangusha mnara mchongoma wa karne ya 19, kazi ya msanifu Viollet-le-Duc. Sehemu kubwa ya paa la mawe lililokuwa chini yake ilibaki. Baada ya moto, mafundi waliweka fremu za mbao chini ya matao 28 ya nje. Matao hayo yamezoea kusukumana na paa la mawe, na paa hilo likidhoofika au kuanguka, matao yangebaki yanasukuma ukuta usio na kitu cha kuujibu. Fremu zilishika nafasi hiyo wakati wa ukarabati, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Mbao za paa jipya zilichongwa kwa mashoka, kwa kufuata namna ya mafundi wa kale, na mnara mchongoma umerudi kwenye urefu wake wa mita 96.

Ukiingia, simama pale sehemu ndefu ya kanisa inapokatana na ile ya kukingama, uinue uso. Mawe yaliyoanguka yalikuwa hapo. Jiwe jipya na la zamani sasa ni vigumu kuyatofautisha, kwa sababu kuta zote zilisafishwa.

Sainte-Chapelle iko dakika chache kwa miguu, iliwekwa wakfu mwaka 1248, na ina madirisha 15 yanayokaribia kuumeza ukuta wote. Ipe saa moja. Hiyo ina tiketi, na nafasi hukatwa mapema.

Hatua ya 4: Beauvais, palipoanguka

Wageni wengi huujua mji huu kwa uwanja wake wa ndege wa tiketi rahisi. Chukua treni katika kituo cha Gare du Nord, Paris. Ni mwendo wa saa moja na robo hivi. Ningependa kila mwanafunzi wa ujenzi apite hapa kabla hajakabidhiwa kalamu.

Wajenzi wa Beauvais walitaka kuwapita wote. Walipandisha paa la mawe la sehemu ya altare hadi mita 48, ambalo ndilo refu kuliko yote ya mtindo wa Kigothi, ule wa matao yaliyochongoka kama ya Notre-Dame. Lilikamilika mwaka 1272. Mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka. Walijenga upya kwa kuongeza nguzo katikati ya zile za zamani. Ukiwa ndani, zitazame: zimesongamana kuliko utakavyotarajia, na ukishajua sababu utaiona hofu ya mafundi katika mpangilio wao. Karne ya 16 wakaweka mnara wa mita 153, na mwaka 1573 nao ukaanguka. Pesa zikaisha. Sehemu ndefu ya waumini haikujengwa kamwe, na mahali ilipotakiwa kukaa pamebaki kanisa dogo la kale, la kabla ya mwaka 1000, likiwa bado limesimama chini ya kivuli cha lile kubwa.

Ndani utaona pia mihimili ya kuegemeza iliyowekwa katika zama zetu ili kuta zisiendelee kusogea. Kanisa bado linashikiliwa mpaka leo.

Hatua ya 5: Nîmes na Pont du Gard

Treni ya mwendokasi ya TGV kutoka kituo cha Gare de Lyon, Paris, hadi Nîmes ni kama saa tatu. Lala Nîmes usiku mbili.

Mchana wa kufika, nenda kwenye kisima cha mgao cha Warumi kilichoko juu ya mji, kinaitwa Castellum. Hakuna kiingilio na watalii wengi hawakijui. Ni beseni la duara la mawe lenye matundu kumi ubavuni, ambamo mabomba ya risasi yalipokea maji na kuyasambaza mjini. Anza na kitu hiki kidogo, kwa sababu daraja utakaloliona kesho lilijengwa ili maji yafike hapa.

Asubuhi panda basi la kwenda Pont du Gard. Chemchemi ilikuwa karibu na Uzès, na mfereji ulizungukazunguka kama kilomita 50 hadi Nîmes. Mteremko wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni takriban mita 12 na nusu tu. Gawanya: ni kama sentimita 25 kwa kila kilomita. Warumi wa karne ya kwanza walipima hivyo kwa vyombo vya mbao na maji, kupita vilima na mabonde. Mto Gardon ulipokatiza njia, maji hayakuweza kushuka na kupanda, hivyo wakainua daraja la ngazi tatu lenye urefu wa mita 49 kwenda juu.

Matao ya ngazi mbili za chini yamepangwa bila udongo wala chokaa. Mawe yamekatwa yakalingana, mengine yakiwa na uzito wa tani 6, na yanashikana kwa uzito wao wenyewe. Tao hupenda kubanwa. Kadiri linavyobebeshwa ndivyo mawe yanavyokazana. Chokaa imetumika juu tu, kwenye mfereji, ili maji yasivuje.

Shuka hadi kwenye kingo za mto, chini ya tao mojawapo, utazame mambo mawili. Kuna mawe yaliyotokeza nje ya ukuta kwa mpangilio. Mafundi waliyaacha makusudi ili kuegemeza majukwaa yao na fremu za matao, na hawakuyakata kazi ilipokwisha. Halafu tafuta herufi zilizochongwa kwenye mawe, kama FR S III, yaani uso wa mbele, kushoto, la tatu. Ni maagizo ya fundi kwa fundi: jiwe hili liende wapi. Yamekaa hapo karibu miaka elfu mbili. Katika ziara nzima, hizi herufi ndizo zinazonigusa kuliko yote.

Mwaka 1958 mafuriko yalifunika ngazi yote ya chini. Daraja halikutikisika.

Mfereji wa juu hupitika kwa ziara maalumu yenye kiongozi, hivyo ulizia ukifika. Kiangazi watu huogelea mtoni. Beba nguo za kuogelea.

Hatua ya 6: Malango ya maji ya Fonserannes, Béziers

Treni tena, kutoka Nîmes hadi Béziers, halafu mwendo wa miguu wa nusu saa hivi. Hapa unaona Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 uliounganisha Toulouse na pwani ya Mediterania, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet. Riquet alikuwa mkusanya kodi ya chumvi, na alitia mali yake humo. Alifariki 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa.

Shida yake kubwa ilikuwa juu mlimani: mfereji unaovuka kilele hupoteza maji pande zote mbili kila mashua inapopita. Aliyaleta maji kutoka milima ya Montagne Noire kwa mifereji midogo, akajenga bwawa la Saint-Ferréol kuyahifadhi kwa ajili ya kiangazi.

Fonserannes kuna vyumba 8 vya maji vilivyopangwa kama ngazi, vikishusha mashua mita 21 na nusu; leo mashua hutumia 6 kati yake. Keti ukingoni usubiri mashua ipite. Tazama umbo la vyumba: kuta zimepinda, chumba kina umbo la yai. Kuta zilizonyooka ziliangushwa na udongo unaosukuma kutoka pembeni, ndipo Riquet akazipinda. Ukuta wa namna hii ni tao lililolazwa ubavu, na msukumo wa udongo unayakaza mawe badala ya kuyabomoa. Kanuni ya Pont du Gard, imelala.

Hatua ya 7: Daraja la Millau

Chukua gari Béziers, ufuate barabara ya A75 kuelekea kaskazini. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. A75 ni bure karibu yote. Utalipia daraja lenyewe. Kwa hiyo litazame kwanza kutoka chini, kwenye kijiji cha Peyre kando ya mto Tarn, kisha ulivuke, halafu uingie kwenye maegesho ya kupumzikia upande wa kaskazini, ambako kuna maonyesho ya namna lilivyojengwa na kilima cha kulitazamia.

Michel Virlogeux alilibuni kihandisi, Norman Foster akalichora, kampuni ya Eiffage ikalijenga kuanzia Desemba 2001 hadi Desemba 2004. Urefu ni mita 2,460. Nguzo ni 7, na ndefu kuliko zote ina mita 245 za zege. Ukiongeza mlingoti wa juu yake unafika mita 343, juu kuliko mnara wa Eiffel. Aliyevuka daraja la Kigamboni au lile la Jinja juu ya Nile ameshaona nyaya za namna hii: uzito wa barabara unapanda kwenye nyaya, unafika mlingotini, ndipo unashuka ndani ya nguzo.

La ajabu ni namna barabara ilivyofika pale juu. Haikunyanyuliwa. Iliunganishwa ardhini, kwenye ncha mbili za bonde, kisha ikasukumwa angani juu ya nguzo, ikisaidiwa na nguzo za muda za chuma. Juu ya kila nguzo kulikuwa na mashine zilizoinua barabara kidogo, zikaisogeza sentimita 60, zikaishusha, zikarudi nyuma na kuanza tena. Sentimita 60 kwa sentimita 60, tani 36,000 za chuma. Tarehe 28 Mei 2004 ncha mbili zikakutana juu ya Tarn.

Ukiwa chini, elekeza darubini kwenye sehemu ya juu ya nguzo. Utaona kila moja imegawanyika vipande viwili katika mita 90 za mwisho. Chuma kinarefuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na nguzo nene ngumu ingekikatalia. Miguu miwili myembamba hupinda kidogo ikakiruhusu. Ukiwa juu, tazama pia vizuizi vya upepo vya pembeni na utagundua barabara imepinda kidogo. Dereva haoni daraja likiisha kama mstari mkavu mbele yake.

Lala mjini Millau. Kabla ya 2004 mji huu ulisongwa na foleni za magari kila likizo ya kiangazi.

Hatua ya 8: Garabit, kisha kurudi

Endelea na A75 kaskazini kwa saa moja na ushee hadi utakapoona alama za maegesho ya Garabit, karibu na Saint-Flour. Daraja jekundu la reli juu ya bonde la Truyère lilikamilika 1884, miaka mitano kabla ya mnara wa Paris, na lilijengwa na kampuni ileile ya Eiffel. Léon Boyer ndiye aliyependekeza livuke bonde moja kwa moja badala ya reli kuteremka kwa mizunguko. Tao lake linaruka mita 165 kutoka mguu hadi mguu.

Tazama umbo la tao: katikati ni nene, miguuni limesinyaa hadi kuwa jembamba. Miguu imekaa kwenye bawaba, hivyo tao linaweza kupumua joto likibadilika bila kujivunja. Upana wake kwa upande mwingine hutanuka kuelekea chini, na sababu ni upepo. Koechlin alishiriki mahesabu ya hapa. Lilijengwa kutoka pande mbili, nusu zikishikiliwa kwa nyaya zilizofungwa nyuma, mpaka zikakutana juu ya utupu.

Bonde lilikuwa na kina zaidi zamani, daraja likiwa mita 122 juu ya mto. Bwawa la Grandval likainua maji. Kuna mashua za matembezi zinazopita chini yake wakati wa kiangazi, na picha nzuri hupigwa kutoka hapo asubuhi.

Rudisha gari Clermont-Ferrand, saa moja na nusu kwa gari kutoka hapo. Ukiacha gari mji tofauti na ulikolichukua kuna ada ya ziada, hivyo iulizie tangu Béziers. Treni ya kwenda Paris huishia kituo cha Bercy, safari ya saa tatu na nusu hivi. Kama ndege yako ni asubuhi inayofuata, kata tiketi ya treni ya mchana, isiwe ya mwisho.